Je, Wajua? Mto Ruzizi na Taa za Bukavu

Je, wajua kwamba chupa ya maji iliyotupwa mtaroni Kadutu, mjini Bukavu, inaweza kuzima taa za Kadutu kwenyewe? Njia yake haina siri. Bukavu, mji wa mashariki ya Kongo, imejengwa juu ya vilima vinavyoteremka hadi Ziwa Kivu, na msimu wa mvua, unaoanza Septemba na kuendelea hadi Mei, kila mtaro hugeuka kijito. Maji huzoa yanachokikuta: mifuko, chupa, kandambili, vipande vya godoro, mabua, matope. Mto Kahuwa, unaokatiza mitaa yenye watu wengi, huyamwaga yote hayo ziwani. Huko hayatulii. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, nao uko hapohapo Bukavu, pale Mto Ruzizi unapoanza safari yake ya kusini. Kila kinachoelea huvutwa taratibu kuelekea mlango huo, na kilomita chache mbele yake limekaa bwawa la Ruzizi ya Kwanza, kituo kinachofua umeme wa mji tangu mwishoni mwa miaka ya 1950.

Bwawani taka hukutana na uzio wa vyuma uliowekwa kuikinga mitambo. Uzio ukiziba, maji ya kuzungusha mashine yanapungua na mashine inapoteza nguvu, au inazimwa kabisa isije ikaharibika. Mtu akisimama ukingoni ataona zulia la chupa na mapovu akadhani tatizo limeishia hapo juu. Wahandisi wa SNEL, shirika la umeme la taifa, wameeleza kwamba taka hushuka hadi kina cha mita 14, hata wapiga mbizi hulazimika kwenda kusafisha sakafu ya mto. Katika msimu mmoja wa mvua wa miaka hii ya karibuni, taka zilisimamisha mashine yenye megawati 6.3 katika kituo ambacho uwezo wake wote ni megawati zipatazo 30. Zaidi ya sehemu moja ya tano ya umeme ilipotea kwa sababu ya vitu ambavyo kila kimoja kingeweza kuokotwa na mtoto.

Umeme ukipungua hivyo, unaingia mgao, delestaji kama wanavyouita wenyeji. Mtaa huu leo, mtaa ule kesho. Fundi wa kuchomelea anakunja mikono, kinyozi anawarudisha wateja, anayeuza samaki wa barafu anahesabu hasara, hospitali zinawasha jenereta na kuchoma mafuta ya bei ghali. Na kwa kuwa Ruzizi ya Kwanza haiilishi Bukavu peke yake, mgao huo husikika pia katika miji mingine iliyofungwa kwenye nyaya hizohizo.

Je, wajua kwamba Ruzizi ya Kwanza na ya Pili ni majina ya mabwawa na pia ni majina ya vituo vya mpaka? Mgeni akiambiwa "nimevuka Ruzizi ya Kwanza", asidhani mtu alipita juu ya mitambo. Huko ndiko wapitako kila siku wachuuzi wa Bukavu na wa Rusizi, upande wa Rwanda, wakiwa na nyanya, maziwa na vitenge. Mto ni mpaka, na umeme wake tangu mwanzo haukuwa wa nchi moja.

Je, wajua kwamba zamani maji ya Kivu yalikuwa yakielekea Mto Naili? Kabla ya volkano za Virunga kuinuka na kuziba njia, bonde hili lilimwaga maji yake kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Lava ilipojenga ukuta, maji yalipanda na kupanda hadi yakapata upenyo kusini, pale ilipo Bukavu leo. Tukio hilo ni la miaka takriban elfu kumi iliyopita, jana tu kwa hesabu ya wanajiolojia. Ndipo Ruzizi ulipoanza kukimbia kuelekea Tanganyika.

Na mbio zake ndizo zilizowavutia wahandisi. Kivu liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika mita zipatazo 770. Maana yake ni kwamba katika safari ya kilomita zaidi ya 100 kidogo, mto unashuka karibu mita 700, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko mwanzoni, kwenye mabonde membamba kati ya milima kabla ya kufika uwanda wa Ruzizi. Juu ya mteremko kuna ziwa kubwa lenye kuhifadhi maji, kwa hiyo kiangazi hakiukaushi mto huu. Mito mingi ya Afrika Mashariki haina bahati hiyo, na wakazi wa Dar es Salaam au Nairobi wanaokumbuka miaka ya ukame na giza lake wanaelewa thamani ya jambo hili.

Ukiyafuata maji hayo kwenye ramani utashangaa zaidi. Kutoka Tanganyika yanatokea Kalemie kwa Mto Lukuga, yanaingia Lualaba, yanakuwa Mto Kongo, yanapita kwenye mabwawa ya Inga (la kwanza la 1972, la pili la 1982) na kuishia bahari ya Atlantiki. Sehemu kubwa hupotea njiani kwa kuwa jua la Tanganyika hugeuza maji mengi kuwa mvuke, lakini yale machache yanayofika yamezungusha mashine mbali kabisa mashariki ya nchi na kuzungusha nyingine mbali kabisa magharibi yake.

Je, wajua kwamba bwawa dogo la Bukavu ndilo linaloshika ufunguo wa ziwa zima? Jambo hili hutajwa mara chache, nami naona ndilo zito kuliko yote. Tangu Ruzizi ya Kwanza ijengwe, milango yake inaamua maji kiasi gani yatoke Kivu. Yakifungiwa sana, ziwa hupanda na kugusa gati, mashamba na nyumba za ufukweni, kuanzia kisiwa cha Idjwi hadi Goma, na upande wa pili kuanzia Rusizi hadi Rubavu. Yakiachiwa sana, ziwa hushuka na mashine za kesho zinakosa chakula. Anayezungusha lango Bukavu anagusa maisha ya mvuvi wa Kalehe asiyewahi kukiona kituo hicho, na ya mkulima wa Karongi katika nchi nyingine. Ndiyo maana uamuzi wa kufungua na kufunga hauwezi kuwa siri ya chumba cha mitambo. Mwaka 2014 Kongo, Rwanda na Burundi zilitia saini mkataba wa kuunda mamlaka ya pamoja ya bonde la Ziwa Kivu na Mto Ruzizi, ijulikanayo kwa kifupi kama ABAKIR. Kazi yake ni kuyasimamia maji haya kwa niaba ya nchi zote tatu.

Je, wajua kwamba bwawa na samaki sambaza waliingia Kivu karibu wakati mmoja? Ujenzi wa Ruzizi ya Kwanza ulikamilika mwishoni mwa miaka ya 1950, na katika miaka hiyohiyo, kati ya 1958 na 1960, vifaranga vya samaki wadogo vililetwa kutoka Tanganyika na kuachiwa ziwani. Maporomoko ya Ruzizi yalikuwa yamewazuia wasipande wenyewe. Sambaza wakazaliana sana, na leo usiku ukitazama kutoka vilima vya Ibanda, mjini Bukavu, utaona taa za wavuvi zikielea majini, mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja, kwa kuwa samaki hawa hufuata mwanga.

Je, wajua kwamba kuna kituo cha umeme ambacho wenye mali ni nchi tatu? Ruzizi ya Pili, chini kidogo ya ile ya kwanza, ilianza kazi mwaka 1989 na ina mashine tatu zenye jumla ya megawati 43.8. Inaendeshwa na SINELAC, kampuni iliyoundwa mwaka 1983 na Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati ule. Fikiria yaliyotokea tangu hapo: mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, vita vya Burundi, vita viwili vya Kongo, balozi kufungwa na kufunguliwa, majeshi kuvuka mipaka. Kampuni ya nchi tatu imebaki, ikiendelea kugawa umeme. Inadaiwa na inadai, mitambo yake imechakaa, matengenezo hukawia, wala sitaki kuisifu kupita kiasi. Lakini ni taasisi chache sana za Maziwa Makuu zilizovuka miaka hiyo yote zikiwa na wanachama walewale.

Sasa linatazamiwa bwawa la tatu. Ruzizi ya Tatu, kati ya Kamanyola upande wa Kongo na Bugarama upande wa Rwanda, imepangwa kuwa na megawati 206, zigawanywe sawasawa kwa nchi tatu. Mwaka 2019 serikali hizo zilitia saini mikataba na wawekezaji binafsi, wakiwemo wa mtandao wa Aga Khan. Kwa msomaji wa Tanzania, ukubwa wake ni kama wa kituo cha Kidatu, chenye megawati 204. Mashine moja tu kati ya tisa za Bwawa la Julius Nyerere, yenye megawati 235, inazidi Ruzizi ya Tatu nzima. Hata hivyo, kwa Bukavu theluthi moja ya megawati hizo, yaani zaidi kidogo ya 68, ni zaidi ya mara mbili ya kila kinachofuliwa na Ruzizi ya Kwanza. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na mradi unaotegemea kuaminiana kwa majirani ukajikuta katika hali ngumu kuliko zote tangu ulipobuniwa.

Je, wajua kwa nini mtu anaweza kuishi chini ya waya mkubwa wa umeme na bado akasoma kwa kibatari? Wengi hudhani ni roho mbaya ya shirika. Sababu ya kwanza ni ya kiufundi: umeme husafirishwa mbali ukiwa na nguvu kubwa mno, makumi ya maelfu ya volti, na hauwezi kuteremshwa nyumbani bila kituo cha kuupoza na transfoma. Kituo hicho ni ghali, na kijiji cha nyumba mia hakirudishi gharama upesi. Hesabu hiyo naielewa. Nisichokikubali ni kuifanya iwe jibu la mwisho kwa watu walioachia mashamba yao nguzo na barabara za mradi. Nchini Kongo, takriban mtu mmoja tu kati ya watano anapata umeme. Katika nchi kama hiyo, jirani wa mtambo akikosa taa hata yeye, mtambo huo utakuwa mgeni daima katika ardhi yake, na mgeni halindwi na mtu nyaya zake zikiibwa.

Mjini kuna jambo jingine ambalo wageni huwa hawalijui. Transfoma ya mtaa, ambayo watu huiita kabini, ikiungua, mara nyingi wakazi wenyewe huchanga fedha kununua nyingine au kuitengeneza. Kamati ya mtaa hupita nyumba kwa nyumba, jina linaandikwa, kiasi kinaandikwa, na kinachonunuliwa huingia katika mtandao wa shirika. Tunapozungumzia wajibu wa kituo cha umeme kwa jamii, basi, tukumbuke kwamba jamii nayo imekuwa ikikibeba kituo kwa miaka mingi, bila hisa na bila risiti ya maana. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuuliza maswali.

Na sheria inampa haki hiyo. Sheria ya mazingira ya Kongo ya tarehe 9 Julai 2011 inataka mradi wowote unaoweza kuathiri mazingira ufanyiwe kwanza tathmini ya athari zake kwa mazingira na kwa jamii, pamoja na mpango wa kuzidhibiti, na wananchi washirikishwe. Sheria ya umeme ya Juni 2014 nayo ilivunja ukiritimba wa SNEL na kuruhusu kampuni nyingine, zikiwemo ndogo, kufua na kuuza umeme. Kwa hiyo wakulima wa mpunga na mihogo wa uwanda wa Ruzizi hawaombi hisani wanapotaka kujua maji ya mto yatabaki kiasi gani chini ya bwawa jipya, fidia italipwa kabla au baada ya kuvunjwa nyumba, na Kamanyola itawashwa lini.

Mfano wa karibu upo Kivu Kaskazini. Hifadhi ya Taifa ya Virunga ilijenga kituo cha Matebe, huko Rutshuru, kilichoanza mwaka 2015 kikiwa na megawati zaidi ya 13, kikawasha kwanza vijiji na miji midogo inayopakana na hifadhi kabla ya waya kufika Goma. Wenye viwanda vidogo walipewa mikopo ya kuanzia, kwa hoja kwamba kijana mwenye mashine ya kusaga au karakana hatakuwa na sababu ya kuingia msituni kuchoma mkaa au kujiunga na kundi lenye silaha. Eneo hilo limeona vita vya kutosha na hakuna mtambo uliovimaliza. Lakini utaratibu wa kumwanzia jirani ulikuwa sahihi, na Ruzizi ya Tatu ingefanya vyema kuufuata.

Je, wajua kwamba giza la Bukavu linazalisha giza jingine? Nyumba isiyo na umeme wa uhakika hupikia mkaa, kwenye jiko la babula, asubuhi na jioni. Mji wenye watu zaidi ya milioni moja unakula msitu mkubwa kila mwaka, na sehemu ya mkaa huo hutoka pembezoni mwa Hifadhi ya Kahuzi-Biega, makao ya sokwe wakubwa wa nyanda za mashariki. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1970, na tangu 1997 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mlima ukivuliwa miti, mvua haina cha kuizuia. Udongo unashuka ziwani pamoja na taka, unaelekea kwenye mlango uleule wa Ruzizi, unajaza nafasi ya maji nyuma ya bwawa na kusugua mabawa ya mashine kama msasa. Mashine ikilika inafua kidogo, umeme ukipungua mkaa unapanda, mkaa ukipanda miti mingine inaanguka.

Udongo huo huua hata kabla ya kufika bwawani. Mwezi Mei 2023, mvua ilishusha milima juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, kando ya Ziwa Kivu. Watu zaidi ya 400 walikufa na maelfu hawakuonekana tena. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Wapo waliozikwa katika makaburi ya pamoja, wapo waliochukuliwa na ziwa. Ninapowasikia watu wakizungumzia upandaji miti kama pambo la hotuba za siku ya mazingira, huwa nafikiria vijiji hivyo viwili.

Je, wajua kwamba chini ya Ziwa Kivu kuna gesi ya kuwasha mitambo, na gesi hiyohiyo inaweza kuua? Katika kina kirefu, maji ya Kivu yameshika kilomita za ujazo takriban 300 za kaboni dayoksaidi na takriban 60 za methani. Kaboni dayoksaidi hutoka ardhini, kwenye volkano. Methani hutengenezwa na vijidudu vinavyoishi mahali pasipo na hewa. Uzito wa maji ya juu huizuia gesi isipande. Kilichotokea Ziwa Nyos, Kamerun, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ndicho kinachowakosesha wanasayansi usingizi: kaboni dayoksaidi iliibuka ghafla, ikateremka mabondeni, ikaua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao. Nyos ni ziwa dogo mno mbele ya Kivu, na ufukweni mwa Kivu wanaishi watu zaidi ya milioni mbili.

Kuitoa methani kwa uangalifu ni kupata umeme na kupunguza mzigo wa ziwa kwa mpigo mmoja. Rwanda ilianza mapema: tangu miaka ya 1960 gesi ya Kivu ilipelekwa kwenye kiwanda cha bia cha Gisenyi, na mwaka 2016 kilizinduliwa kituo cha KivuWatt, huko Karongi, chenye megawati 26. Jahazi lake limetia nanga kilomita zipatazo 13 kutoka nchi kavu. Bomba linashuka hadi mita 350, maji yanapanda yenyewe yakisukumwa na mapovu yake, gesi inatenganishwa, na methani iliyosafishwa inapelekwa pwani kwa bomba jingine. Hapo ndipo wajibu wa mazingira unapojulikana kuwa kazi ya vipimo. Maji yaliyokwisha kutolewa gesi lazima yarudishwe kwenye kina kilichopangwa. Yakirudishwa juu mno yataleta virutubisho na sumu mahali wanapoishi sambaza. Yakirudishwa vibaya yataharibu matabaka yanayoifunga gesi yote iliyobaki.

Kongo nayo, Julai 2022, ilitangaza zabuni ya vitalu vitatu vya gesi katika upande wake wa ziwa: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Ziwa ni moja na halijui mpaka wa kisiwa cha Idjwi. Mwendeshaji mmoja akikosea kina cha kurudishia maji, hasara haitachagua pasipoti.

Je, wajua kwamba mitambo hii imekaa juu ya ardhi inayotembea? Tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa wa karibu 6 liliipiga Bukavu na upande wa pili wa mto, likaua makumi ya watu, wengi wao nchini Rwanda, baadhi yao wakiwa kanisani, maana ilikuwa Jumapili. Bonde la Ufa linaendelea kupanuka polepole. Bwawa la hapa linatakiwa kukaguliwa nyufa zake kwa ratiba, na wanaoishi chini yake wanatakiwa kujua king'ora kikilia wakimbilie kilima gani.

Je, wajua kwamba sheria dhidi ya mifuko ya plastiki ipo Kongo tangu Desemba 2017? Amri ya serikali ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio vya plastiki. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019. Mtu anayevuka kutoka Bukavu kwenda Rusizi huuacha mfuko wake mpakani, akirudi anaukuta mwingine sokoni. Tofauti hiyo huonekana katika mita chache za daraja. Lakini tusiwalaumu wanawake wa soko la Kadutu wanaofungia unga kwenye mfuko: hakuna aliyewaletea kifungashio cha bei hiyohiyo, na gari la taka haliwezi kupanda vichochoro vya mlima wanakoishi. Kuna vijana wa Bukavu wanaookota plastiki ufukweni na kusuka vikapu, viti na vyungu vya maua. Kuna salongo za Jumamosi, majirani wakishika makoleo kuzibua mitaro. Wafanyakazi wa bwawa nao hutoka na vyombo vyao majini kuvuta taka kwa mikono na kwa mashine. Kazi ya watu hawa naiheshimu. Haitatosha mpaka taka zikusanywe mlimani, kabla ya mvua, kwa fedha iliyotengwa na mji pamoja na wafuaji umeme, maana shirika linalopoteza megawati 6.3 kwa mpigo lina sababu ya kibiashara ya kulipia mikokoteni ya taka Kadutu na Bagira.

Je, wajua zinakokwenda taka zinazopenya Ruzizi? Zinateremka hadi Tanganyika, ziwa lenye karibu sehemu moja ya sita ya maji baridi yote ya juu ya ardhi yaliyo katika hali ya kimiminika duniani. Maji ya ziwa hilo huchukua maelfu ya miaka kubadilishwa kwa kutoka nje, kwa hiyo kinachozama humo kimefika. Wanaochota na kuvua humo ni watu wa Uvira, Bujumbura, Kigoma, Kalemie na Mpulungu. Mwaka 2003, jijini Dar es Salaam, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa hilo na kila kinachotiririkia ndani yake. Sahihi ya Kongo imo, na kwa sahihi hiyo mtaro wa Kadutu unahusika moja kwa moja na maji ya kunywa ya Kigoma.